Jiliwa Kibogoyo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akategemea safari. Nimeishi Sofu, Kibaha, kwa muda mrefu kiasi kwamba mbwa wa jirani ameacha kunibwekea kwa dharau tu, na njia yangu ni moja: nyumbani, karakana ya Maili Moja, nyumbani. Mama watoto husema siku nikipotea hatatangaza popote, atainua tu mto wa kochi. Kwa hiyo baba yangu alipofariki kule Masaki, Kisarawe, watu walishangaa kwanza kuniona nimefika, ndipo wakakumbuka kunipa pole.

Nilifika. Nilibeba jeneza zamu yangu, nikatia mchanga, nikakaa kwenye jamvi pamoja na wanaume wenzangu. Kila aliyekuja alinishika mkono akasema, "Pole sana, kazi ya Mungu hiyo," nami nikajibu, "Tumeshapoa," kwa sauti ileile ninayomjibia mteja anayeuliza kama kitu chake kiko tayari. Sikulia. Wala sikujizuia kulia, maana hakukuwa na kitu cha kuzuia. Ilikuwa kama ukishadungwa sindano ya ganzi ung'olewe jino: mdomo unaugusa, unajua ni wako kwa kuwa uko usoni kwako, lakini wenyewe hauna habari nawe.

Baba alikuwa mkulima wa mihogo na korosho kwa kuulizwa, na fundi kwa tabia. Yeye na mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, walikuwa na kibanda mbele ya nyumba. Walianza na baiskeli na majembe, siku hizi ni pikipiki za wabeba mkaa. Katikati ya kibanda kuna meza nzito waliyoisimamia wawili, baba kulia, mdogo wake kushoto, na juu ya meza kuna jiliwa: lile dude la chuma lenye taya mbili, unazungusha mkono wake, taya zinakutana na kukibana unachotaka kukikata au kukipiga tupa. Sisi karakanani tunaliita vaisi. Baba aliliita jiliwa, na ukilitaja kwa jina lingine alijifanya hajasikia. Kila taya imefungiwa kibamba cha chuma kigumu chenye michirizi iliyokatana. Hayo ndiyo meno. Meno ya jiliwa la baba yalikuwa yamekwisha, na baba alikataa katakata kubadilishiwa. Alisema yeye na jiliwa wamezeeka pamoja, hawezi kuliona linaota meno yeye akiwa kibogoyo.

Baba mdogo hakuwa na shamba la maana. Kibanda kile ndicho kilichomlisha.

Sasa, sisi Wazaramo tuna watani wetu, na miongoni mwao ni Wanyamwezi. Asiyejua utani wa msibani asije akadhani ni mzaha wa kawaida. Mtani ana ruhusa pale ambayo hata shehe hana. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza, atakaa juu ya kitanda chake, na akichukua kitu humnyang'anyi. Unakikomboa kwa masharti yake yeye. Ukienda kinyume, unaonekana umekata undugu mbele ya kaburi bichi.

Mtani wetu Masaki ni bibi mmoja Mnyamwezi, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka shamba la pili. Tuliporudi kutoka makaburini tukamkuta kibandani amevaa koti la kazi la baba na kofia yake. Ameinama vilevile kama baba, mkono kiunoni. Akaweka jembe kwenye jiliwa, akazungusha, akakaza, akakohoa kikohozi cha baba chenyewe. Akaliachia. Jembe likaanguka chini.

"Haliumi!" akapiga kelele. "Wazaramo, nimekufa na jiliwa haliumi! Nitamwambia nini Mungu akiniuliza nilibana nini duniani?"

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi yangu, aliyekuwa amezimia asubuhi, alicheka mpaka akaomba maji. Bibi akanigeukia.

"Na huyu ndiye mtoto? Fundi wa vyuma wa Kibaha! Baba kibogoyo, jiliwa kibogoyo, na mtoto macho makavu kama tupa. Wewe, machozi umeyaacha wapi?"

"Nimeyasahau kwenye kochi, bibi."

"Umesikia? Kwenye kochi! Haya, na mimi nachukua cha kwangu." Akauchomoa mkono wa jiliwa, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia, akauchomeka kiunoni ndani ya kanga. "Siku ya arobaini narudi. Nikikuta jiliwa limeota meno, mkono wenu huu hapa. Nikilikuta bado kibogoyo nalibeba lote, nikafungie mbuzi."

Baba mdogo, aliyekuwa anacheka na wengine, akaacha kucheka. "Mtani, nikupe kuku wawili. Hilo jiliwa ndilo jembe langu."

"Kuku ninao. Nataka meno."

Ungeweza kusema atie kipande chochote cha nondo pale penye tundu, azungushe, kazi iendelee. Angeweza, naam, kama angetaka Masaki nzima imnyooshee kidole. Na wote tulijua bibi hatanii anapotania: kuna msiba mmoja alichukua kitanda, wenyewe wakapuuza masharti, na mpaka leo analala juu yake. Baba mdogo akanitazama. Nikatoa bisibisi, nikafungua vibamba vile viwili vya zamani, nikavitia mfukoni. Nadhani hicho ndicho kitu pekee nilichokifanya msibani bila kusukumwa.

Nikarudi Kibaha, nikarudi kazini. Watu walisema, pumzika kwanza. Nipumzike wapi? Nyumbani kochi lilikuwepo, lakini kila nikikaa mama watoto alikuwa ananitazama kama anayesubiri maji yachemke.

Karakanani kwetu mteja huja na kitu kilichokufa, anakiweka mezani, anasema, "Nichongee kama hiki." Hicho tunakiita sampo. Na jambo la kwanza unalofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa pa kuwashia mashine, ni kwamba sampo ni mwongo. Kimekuja kwa sababu kimelika. Ukikichonga kilivyo, umechonga ugonjwa. Lazima ujiulize kilikuwaje kilipokuwa kipya, urudishe kilicholiwa. Nimelisema hilo kwa wenzangu mara nyingi mno, na kwa madoido.

Arobaini ilipokaribia nikakata vipande viwili kutoka kwenye springi ya lori, chuma kizuri. Nikavifunga kwenye mashine ya kuchongea bapa, ile ambayo chuma hulala mezani na kisu kinazunguka juu yake kikikipunguza. Nikapima vibamba vya baba, nikachonga, nikapima tena. Kazi ilikwenda kimya. Nilikuwa naziona namba na mikono ikizifuata, na sikumbuki kufikiria lolote. Vibamba vya zamani vilikuwa vyembamba upande wa kulia kuliko wa kushoto, basi nikatia kipande cha bati chini ya upande mmoja wa chuma ili upungufu utoke sawasawa na wa zamani. Meno ya kulia yalikuwa hayaonekani, basi nikachora marefu kushoto, nikayafifisha taratibu kuelekea kulia. Nilitumia siku nzima, na kwa kweli ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikatoboa matundu ya bolti. Nikavipeleka kwenye moto wa mkaa mpaka vikawa vyekundu, nikavitumbukiza kwenye mafuta machafu, nikavirudisha kidogo motoni ili visiwe vya kuvunjika kama kioo. Tupa ikateleza juu yake. Vimekomaa.

Bosi wangu, mzee wa kanisa Mlutheri asiyeapa hata nyundo ikimpiga kidole, akavichukua akavitazama. Akaviweka mgongo kwa mgongo. Akavielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Fundi," akasema, "marehemu alikuwa anafungia vitu upande wa kulia, eh?"

"Ndiyo, mzee. Umejuaje?"

"Umemchonga humu ndani."

Nikavitazama. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechonga uchakavu. Miaka yote ya baba kukaza majembe upande ule wa kulia nilikuwa nimeihamisha, na bati chini yake, kwenye chuma kipya, kisha nikaikomaza kwa moto ili isitoke.

"Umekaanga yai," bosi akasema, "ndipo unatafuta pa kulivunja."

Alikuwa hana nia mbaya, huo ndio upole wake. Wengine waliacha kazi kuja kuangalia. Mmoja akauliza kama nikichonga meno ya bandia nayo nitayatoboa kwanza. Nikacheka nao, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka.

Njia ya kawaida ni kuvirudisha motoni vilainike, uchonge upya, ukomaze upya. Lakini kimoja kilikuwa tayari na ufa mwembamba kama unywele ukingoni, na springi ya lori ukiichosha kwa moto hupasuka katikati ya mafuta ukaisikia. Vipande vingine vya kufaa hatukuwa navyo, na arobaini ilikuwa Jumapili ya wiki ileile. Kilichobaki ni kuvichonga vikiwa hivyohivyo vigumu.

Mchana ule baba mdogo akapiga simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Meno yamefika wapi?"

"Yanaota."

"Yanaota au yanaotwa?"

"Yanaota, baba mdogo."

"Maana jana mtu kaleta pikipiki, kijiti cha kukanyagia kimepinda. Nimekibana kwa magoti. Kwa magoti, mwanangu. Nimempigia nyundo, nikajipiga mimi. Mwenye pikipiki kaondoka kaenda kwingine. Mtani kapita hapa asubuhi na mbuzi wake. Kaja kumwonyesha jiliwa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni neno jepesi kulisema ukiwa huna wasiwasi wala kitu kingine chochote ndani yako.

Nilianza na kisu cha kawaida, kwa ubahili. Kilipiga yowe moja, kikatoa moshi, kikawa cha buluu. Nilipokitazama, makali yake yalikuwa yamekwenda na kibamba hakina hata mkwaruzo. Kati ya vyuma viwili, kilichochongwa kilikuwa kisu. Bosi alikwenda kwenye kabati lake, akatoa kopo la maziwa ya mtoto, ndani ya kopo soksi, ndani ya soksi kisu cha kabaidi. Kabaidi ni ngumu kuliko chuma kilichokomazwa, lakini ni kama mtu wa hasira: ukiigonga, ukiitetemesha, ukiimwagia maji ikiwa ya moto, inapasuka. Kilikuwa hicho kimoja.

"Taratibu," akasema. "Unagusa unene wa karatasi, si zaidi. Na usitie maji. Hii inafanya kazi kavu." Akanitazama kwa juu ya miwani. "Mtaelewana."

Kwanza kukifunga kibamba. Jiliwa la mashine lenyewe lilikuwa na taya laini kuliko kibamba changu, na nilipokaza, meno yangu yaliuma meno yake, yakaacha alama ambayo bado ipo na bado natupiwa maneno kwa ajili yake. Nikalitoa, nikafunga kibamba moja kwa moja kwenye meza ya mashine kwa vibanio. Nikaondoa kila kinachocheza. Nikawasha.

Chuma laini huchongeka kwa nyuzi, zinajikunja kama maganda ya muhogo. Hiki hakikutoa nyuzi. Kilitoa vumbi la moto, cheche fupi za rangi ya chungwa zilizozimika kabla ya kufika sakafuni, na mlio wa juu usiopanda wala kushuka. Nilizungusha mkono wa meza polepole, kibamba kikapita chini ya kisu mpaka mwisho, nikarudisha, nikashusha unene wa karatasi, nikapita tena. Ukitazama kwa mbali huoni mabadiliko yoyote. Ila upande mnene wa kushoto ulikuwa unang'aa, na mng'ao ulikuwa unatambaa kuelekea kulia, kila mpito umbali wa punje ya mchele.

Kulia ndiko kulikokuwa na bonde la baba. Nililiona likipungua. Kwanza lilikuwa kama kucha, baadaye kama punje ya mahindi, baadaye doa. Nilijisubirisha kuona kama nitasikia kitu. Mtu angetegemea hapo, si ndiyo? Mtoto anafuta mkono wa baba yake kwa mashine. Nilichosikia ni kwamba mguu wangu wa kulia umekufa ganzi kwa kusimama, nikabadilisha mguu.

Kisha umeme ukakatika. Kisu kikasimama kikiwa ndani ya chuma, na hiyo ndiyo namna kabaidi hupenda kufa. Nikanyoosha mkono kukizungusha kwa nyuma.

"Usiguse!" bosi akafoka. Sijawahi kumsikia akifoka, hata kanisani kwake nadhani hawajamsikia. Akaja, tukashusha meza kwa mkono wa mashine, kidogo, kidogo, mpaka kisu kikabaki hewani. Akakipapasa kwa kidole. Kona moja ilikuwa imemeguka, nyingine zilikuwa nzima. "Bado kina meno kuliko jiliwa lenu," akasema. Kilikuwa kisu chake cha pekee, na alikuwa amemkopesha mtu aliyekosea jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza kazini. Nilitaka kumwambia asante kwa namna ya pekee. Nikasema, "Asante, mzee," kama kawaida, naye akarudi kwenye chai yake.

Umeme uliporudi nilimaliza cha kwanza, siku iliyofuata cha pili. Vikawa bapa, sawa pande zote, vimekonda kidogo lakini wima. Meno mapya nikayachora kwa jiwe jembamba la kukatia, kwa mkono, mstari mmoja mmoja ukikatana na mwingine. Hayakunyooka. Yanafanana na mwandiko wangu wa darasa la pili. Lakini kucha yangu niliipitisha juu yake ikanasa pale.

Jumapili nikaenda Masaki. Mama watoto alinisindikiza mpaka kituoni kuhakikisha, alisema, kwamba sirudi kwa njia ya nyuma. Kisomo kilisomwa, pilau likaliwa, na wakati wote baba mdogo alikuwa akinitazama mfukoni. Tulipomaliza dua tukaenda kibandani, tukavifunga vibamba mahali pake. Bolti ziliingia. Nilikuwa nimeziogopa hizo kuliko yote, na ziliingia tu.

Bibi mtani akaja na umati nyuma yake, mkono wa jiliwa kiunoni, mbuzi kwenye kamba. Alikuwa amemleta kweli.

"Haya, Wazaramo. Limeota?"

"Limeota, mtani," baba mdogo akasema. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Nitaaminije? Mmezoea kusema mwezi umeandama nyie." Akauchomeka mkono mahali pake mwenyewe, akachukua bakora yake ya mpingo anayotembelea, akaiweka katikati ya taya. "Bana."

Baba mdogo akazungusha, akakaza. Bibi akavuta. Akaweka mguu kwenye meza, akavuta tena, kanga ikamlegea, akina mama wakapiga vigelegele na kumshika kiuno, wakamvuta yeye naye akavuta bakora. Meza ilisogea. Bakora haikusogea.

"Lifungue, lifungue, mtanivunja!" Baba mdogo akalilegeza. Bibi akaigeuza bakora: michirizi yangu ya darasa la pili ilikuwa imezama kwenye mpingo pande zote mbili. Akaipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Wezi nyie. Mmeniharibia fimbo," akasema. "Hii nitaidai msiba mwingine. Nani anafuata?" Akanitazama mimi. "Wewe huwezi, utafia kwenye kochi, tutakuzika nalo." Akachukua pilau lake kwenye bakuli, akaondoka na mbuzi.

Watu wakarudi kwenye jamvi. Baba mdogo hakurudi. Alivua kanzu ya kisomo akaining'iniza, na nilipogeuka tayari ameshika kijiti cha pikipiki cha mtu aliyekuwa anasubiri barabarani tangu asubuhi. Shangazi akamwita kutoka uani, "Wewe, hata leo?" Akajibu, "Nakuja," bila kuinua kichwa.

Akakifungia pembeni kabisa, ncha ya kushoto ya taya. Nikamwambia, "Baba mdogo, sasa linabana popote. Weka katikati, ukibana pembeni linapinda."

"Eh, kumbe." Akakifungua, akakiweka katikati, akasimama mbele yake. Akapiga tupa mara mbili tatu, akasita. Akasogea kushoto, akakirudisha pembeni vilevile, akasimama amejibana kama watu wanavyosimama meza ikiwa na wawili.

"Tutazoea," akasema. "Shika huku, kinatetemeka."

Nikaenda upande wa kulia, nikashika ncha ya pili ya kile kijiti, naye akaendelea na tupa.